Pombe ya Kumwona Mgonjwa

Sisi watu wa Bukavu tunajua kushukuru. Tunamshukuru daktari, padri, mkunga, hata dereva aliyetufikisha Bagira siku ambayo barabara imegeuka tope. Lakini sijawahi kumsikia mtu akiishukuru mahakama. Ukilitaja tu neno lenyewe, watu hushika mifuko yao. Mimi naishukuru, tena kwa sauti, na anayetaka kunicheka namwacha acheke kwanza amalize, halafu namsimulia habari za kaka yangu.

Ni habari za miaka michache iliyopita. Mji umepitia mengi tangu wakati huo, na sitayaingiza hapa, kila mtu ana yake. Nazungumzia siku zile nilipokuwa nafundisha shule ya msingi Bagira, kama ninavyofundisha mpaka leo, na kaka yangu mkubwa alikuwa na karakana yake ya useremala Cimpunda, akitengeneza vitanda na milango. Ninamwita Yaya, kama tunavyowaita kwetu wakubwa wetu wa kuzaliwa nao. Tatizo letu kubwa wakati huo lilikuwa mvua.

Anayeijua Cimpunda anajua kwamba pale mtu haishi kando ya jirani yake. Anaishi juu yake au chini yake. Ukitoka mlangoni kwako unakanyaga usawa wa paa la mwenzako, na maji uliyooshea vyombo yanafika kwake kabla hujaanika sufuria. Ndiyo maana ugomvi wa Cimpunda karibu wote ni ugomvi wa maji. Juu ya nyumba ya kaka yangu aliishi fundi cherehani, mtu mzima, baba wa familia, mpole kabisa wakati wa kiangazi. Mvua zikianza, upole wake uliteremka na maji, na wa kaka yangu vilevile. Fundi alikuwa amechimba mfereji wa kuokoa msingi wa nyumba yake, na mfereji huo ulimwaga kila kitu kwenye ukuta wa nyuma wa kaka yangu. Mbao zikaanza kuoza. Wakasemezana, wakanuniana, wakasalimiana tena, mvua ikarudi, wakaanza upya.

Kati ya viwanja vyao palikuwa na ngazi za mawe, zile za kujipangia wenyewe, jiwe juu ya jiwe, bila saruji. Asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu, walikutana juu ya ngazi hizo, mmoja akiwa na jembe la kuziba mfereji, mwingine akiwa na kauli ya kwamba hautazibwa. Majirani walisikia sauti tu. Kisha wakasikia kishindo. Fundi alikuwa ameanguka hadi chini, mguu wake umevunjika chini ya goti, na kaka yangu amesimama juu.

Kwa fundi cherehani, mguu si wa kutembelea tu. Mashine zetu ni za kukanyaga, na mtu asiye na mguu anakaa mbele ya mashine yake na kuitazama. Nilikuwa na hasira naye sana baadaye, lakini hili nilijilazimisha kulikumbuka kila mara: alikuwa ameumia kweli, na alikuwa na watoto wa kulisha. Alipofikishwa hospitalini alisema jambo moja, na akalirudia kwa kila aliyemtembelea, kwamba amesukumwa.

Mama yetu anaishi Nyantende, analima maharagwe na kutunza migomba yake. Habari zilipomfikia, hakuuliza nani amemsukuma nani. Kwetu hilo si swali la kwanza. Balaa likiingia kati ya nyumba mbili, nyumba iliyosalimika inakwenda kwenye nyumba iliyoumia, na haiendi mikono mitupu. Inabeba kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Aliyeileta anaionja kwanza mbele ya wote, isije ikasemwa kwamba amekuja kuua. Mgonjwa anakunywa, watu wanaongea habari za mvua na mazao, wanaombeana heri, wanaondoka. Kosa halitajwi. Kosa, kama lipo, lina siku yake: wazee wa pande zote mbili wanaitwa, na mwenye kosa anakaa mbele yao na kulisema kwa mdomo wake mwenyewe. Hayo ni mambo mawili, na hakuna mtu wa Nyantende anayeyachanganya.

Basi mama akapanda mjini na mjomba wetu, bidoni ya kasiksi mkononi, fundi akiwa amekwisha rudi nyumbani na mguu wake ndani ya plasta. Kaka yangu hakwenda. Alibaki karakana akipiga randa kwa nguvu, mbao inayostahili kuwa mlango ikikaribia kuwa karatasi. Mama alionja, fundi akanywa, mke wa fundi akawaletea viti vizuri vya ndani. Waliagana vizuri, na mama akarudi Nyantende akiamini kwamba mambo yametulia.

Hayakutulia. Mguu ulikawia kupona, mashine ikabaki bila kazi, na uchungu ukamrudia fundi. Akaenda kushitaki, na kaka yangu akaitwa mbele ya hakimu kwa kosa la kupiga na kujeruhi kwa makusudi.

Sitasema ni mahakama gani, na hakimu wake simtupii mawe. Alikuwa kijana, mpole, aliyevaa joho lililomzidi mabega. Alikuwa amezaliwa magharibi kabisa mwa nchi, na Kiswahili chetu alikuwa amejifunzia kazini. Huko kwao, kama nilivyokuja kuelezwa, aliyekosa ndiye anayetozwa vinywaji. Familia inakaa, inamwona mwenye hatia, inamwambia alete pombe, na akiileta mambo yamekwisha: amekubali. Kwa hiyo aliposikia fundi akitaja kasiksi, kalamu yake ilisimama. Alimuuliza kaka yangu kama ni kweli familia yake ilipeleka pombe. Kaka yangu akajibu ni kweli. Hakimu akamuuliza mama, aliyekuwa amekaa nasi nyuma na kitenge chake cha kanisani. Mama akasimama kwa fahari, kama anayeulizwa kuhusu malezi yake, akasema kwamba ndiyo, ni yeye aliyeileta, na ilikuwa nzuri, hata mgonjwa aliisifu. Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, aliandika.

Baada ya hapo hakuuliza tena mengi. Habari za ngazi, za mawe, za tope, nani alikuwa amesimama wapi, zote zilipita haraka, kwa sababu kwake jambo lilikuwa limekwisha. Siku ya hukumu alisoma kwamba mtu hapeleki pombe mahali ambapo hakukosa. Kaka yangu akapewa kifungo na kukamatwa palepale. Mama hakuelewa mpaka alipoona polisi wamemshika mwanawe mikono. Alikuwa amekuja kumtetea, na alidhani amemtetea.

Nilikutana na hakimu huyo mwaka uliofuata, kwenye misa, tumesimama karibu katika foleni ya komunyo. Alinitambua. Nje aliniuliza mama anaendeleaje, na nilimjibu kwa ufupi ambao haufai mtu aliyetoka kupokea. Leo ningemjibu vizuri zaidi. Alihukumu kwa macho ya kwao, kama sisi sote tunavyofanya, tofauti ni kwamba sisi wengine hatuna polisi wa kutekeleza tunachokiona.

Mama aliondoka mahakamani bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia tu kwamba mkono wake ndio umemfunga mwanawe. Alirudi Nyantende, na ndizi zilizokuwa shimoni zikiiva kwa ajili ya kasiksi aliwapa mbuzi wa jirani.

Mjini maneno yalikuwa yameanza. Lisemwalo lipo, watu walisema, na waliokuwa wamemnunulia kaka yangu vitanda wakakumbuka ghafla kwamba alikuwa mtu wa hasira. Nilipotaja rufaa, kila mmoja alinishauri niache. Mwalimu mwenzangu aliniambia kwa kunitania kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikamjibu kwamba kaka yangu hakuingia mashindano yoyote, alikuwa anazuia maji yasiozeshe nyumba yake. Mama ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Kwake, kwenda kwa mahakimu wa juu ni kumtukana yule wa kwanza, na mtu mwenye cheo akitukanwa huongeza adhabu. Afadhali, alisema, amalize miezi yake kwa unyenyekevu.

Aliyenitoa katika giza hilo alikuwa mtetezi mmoja wa mahakamani, dada mdogo kuliko mimi, mmoja wa wale wanaowasaidia wafungwa wasio na wakili. Nilimkuta kwenye korido, amekaa juu ya ngazi na viatu amevivua kwa sababu vilimbana. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza, akavaa viatu, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifundishwa shuleni, nami ni mwalimu. Sheria inampa aliyehukumiwa siku kumi za kusema kwamba hakubali. Si lazima aandike barua, wala aseme Kifaransa, na akiwa gerezani anaweza kulitamka neno hilo kwa msimamizi wa gereza. Akishalitamka kwa wakati, kesi yake inapanda, na mahakimu watatu wanaisikiliza upya, tangu mwanzo. Nilimuuliza kama hakimu wa kwanza hataona ametukanwa. Alicheka. Alisema mtu mmoja anaweza kukosea akiwa na nia njema kabisa, na waliotunga sheria walijua hilo, ndiyo maana wakaweka wengine juu yake. Nimeyasikia mahubiri mengi katika maisha yangu, na machache yamenifariji kama sentensi hiyo iliyosemwa na mtu aliyebanwa na viatu.

Lakini neno lilitakiwa litoke kwa kaka yangu mwenyewe. Nilikwenda kumwona gerezani na fufu, ugali wetu wa muhogo, na sambaza za kukaanga, samaki wadogo wa ziwani, kwa sababu anayetegemea chakula cha mle ndani hategemei kitu. Alikuwa amekonda. Alikula polepole, bila kuniangalia, na mimi nikamweleza habari za rufaa kwa furaha kubwa, nikidhani atarukaruka.

"Juu ya nini?" akaniuliza. "Juge ameshasema, hukumu ilishatoka."

"Yaya, ulimusukuma?"

Alimega tonge, akaliviringisha vidoleni.

"Sijue."

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, kila mtu anayenijua anajua, na hapo zilinipanda mpaka masikioni. Nikamuuliza kutojua huko ni kwa namna gani, mkono si wake?

"Mbele nilikuwa najua," akasema. "Saa hii kila mutu anasema nilimusukuma. Karatasi inasema nilimusukuma. Niko nalala na hiyo kila siku. Labda njo vile. Nilikuwa na hasira mingi."

Hapo nikaelewa kwamba hukumu ilikuwa imemfunga mahali pawili. Mwili wake ulikuwa ndani ya kuta zile, na mlango wake ungefunguka siku moja hata bila sisi. Lakini kumbukumbu yake pia ilikuwa imefungwa, na huko hapakuwa na tarehe ya kutoka. Angerudi Cimpunda akiwa mtu aliyemvunja jirani yake mguu, akiamini hivyo yeye mwenyewe, na angekufa akiamini. Hasira zangu zikaisha zote mara moja.

"Wewe ulikuwa pale, na haujue," nikamwambia. "Juge hakukuwa. Alijua namna gani?"

Akaacha kutafuna. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, akacheka, kicheko kidogo cha puani. Kabla sijaondoka siku hiyo aliomba kumwona msimamizi, na alipoulizwa anataka nini, akasema kwamba hakubali, anafanya rufaa. Alilisema wima, kofia mkononi. Mtetezi aliniambia baadaye kwamba tulibakiwa na muda mdogo sana, akakataa kunieleza ni mdogo kiasi gani.

Kusubiri kulikuwa kurefu. Nilifundisha, nilipeleka sambaza, nilisali. Katika sala zangu nilijaribu kumwombea fundi, na mara nyingi nilishindwa nikiwa katikati. Kisha ikaja siku ya kusikilizwa.

Chumba cha mahakama ya juu kilikuwa kidogo kuliko nilivyokitarajia, na dirisha lake lilitazama barabara ya pikipiki. Mahakimu watatu waliingia, tukasimama. Aliyekaa katikati, rais wao, alikuwa mama wa umri wa mama yangu, mwenye miwani na kikohozi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuomba dirisha lifungwe, na la pili ni kusema kwamba atauliza kwa Kiswahili, kila mtu ajibu kwa lugha anayoota nayo. Nikampenda hapohapo.

Alimwita kaka yangu, akamuuliza bila kuzungukazunguka.

"Papa, ulimusukuma?"

Nilijua atajibu nini, na bado nilitumaini. Mtetezi wetu alikuwa amemwambia mara nyingi aseme tu anachokikumbuka. Na kaka yangu, ambaye hajui kudanganya hata kuhusu bei ya kitanda, akasema anachokikumbuka.

"Président, sijue."

Kulikuwa na mguno chumbani. Mwendesha mashtaka akainuka na kusema kwamba mshitakiwa amejihukumu mwenyewe, hakuna tena la kutafuta. Mtetezi akafumba macho. Mimi nilishika benchi ili nisisimame, maana ningesimama ningefukuzwa. Rais akakohoa, akamwambia mwendesha mashtaka akae kwanza, na kaka yangu naye akae. Akamwita fundi.

Fundi alikuja na magongo yake mawili, akatafuta pa kuyaegemeza. Rais alimpa muda. Kisha akaanza na kasiksi, na masikio yangu yakasimama. Alimuuliza nani aliileta. Fundi akajibu kwamba ni mama wa mshitakiwa na mjomba wake. Mshitakiwa mwenyewe alikuja? Hakuja. Rais akavua miwani.

"Na wewe, papa, uliita bazee ba kwenu?"

Fundi alimtazama kwa mshangao wa mtu anayeulizwa jambo linalojulikana na kila mtu.

"Kubaita juu ya nini, Président? Balikuya tu kuniona. Nilikuwa mugonjwa."

Rais aliwageukia wenzake wawili, akawaambia kitu kwa sauti ya chini, mmoja akaandika. Hivyo tu. Pombe ya mama yangu, iliyokuwa imemfunga mtu, ilitolewa chumbani kwa maswali matatu. Nilitamani mama awepo aone, lakini alikuwa amekataa kuja, alisema mdomo wake umeshafanya ya kutosha.

"Basi tuache pombe," rais akasema. "Unielezee zile ngazi."

Na hapo akafanya kazi ambayo haikuwa imefanywa na mtu yeyote. Alimrudisha fundi kwenye mawe yale, jiwe kwa jiwe. Alitaka kujua alivaa nini miguuni. Sandali za plastiki. Alitaka kujua nani alikuwa juu na nani chini, uso ulitazama wapi, mvua ilikuwa imekatika tangu lini, lile jiwe la kona lilikuwa imara au lilikuwa linacheza. Fundi akajibu, mwanzoni kwa maneno yale aliyoyazoea, kisha polepole, kama mtu anayetembea tena pale. Akasema aliona mkono wa kaka yangu. Ulikuwa umenyooshwa, unakuja kwake.

Mwendesha mashtaka akaandika hilo kwa haraka. Rais hakuandika.

"Wakati unaona ule mukono, muguu yako ilikuwa wapi?"

Fundi akafungua mdomo, akaufunga. Nilimtazama shingo, kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Nilijua anachokifikiri, maana hata mimi ningekifikiri. Angesema kwamba mguu ulikuwa imara juu ya jiwe, na hakuna mtu duniani angeweza kumpinga, hata kaka yangu mwenyewe. Miezi ile ya mashine iliyonyamaza ingepata mwenye kuilipia. Alikaa hivyo na magongo yake, na pikipiki zikapita nje, na mimi nikasahau kusali.

"Muguu ilikuwa imeshateleza," akasema.

"Imeteleza kwanza?"

"Kwanza muguu. Mukono njo ulikuya nyuma." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Hakuna mwenye aliniuliza vile."

Kaka yangu alikuwa ameinamisha kichwa muda wote ule. Nilimwona anakiinua. Hakumtazama rais, wala mimi, alimtazama fundi, na mdomo wake ulitikisika kama wa mtu anayetaka kusema na hajapewa ruhusa. Alikuwa amenyoosha mkono amshike, akachelewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amefungwa kwa mkono uliotaka kuokoa, na alikuwa amekwisha kukubali kwamba ni mkono mbaya.

Nimemshukuru Mungu kwa watu wengi wa siku hiyo. Kwa rais yule aliyejua kwamba swali la pombe ni dogo na swali la mguu ni kubwa. Kwa mtetezi. Lakini wa kwanza katika sala zangu, mpaka leo, ni fundi cherehani. Hakuwa na sababu ya kusema kweli isipokuwa kwamba aliulizwa vizuri. Watu wengi hufikiri ukweli hukosekana kwa sababu watu ni waongo. Mimi nimeona mtu mkweli akibeba jambo lisilo kweli kwa miezi, kwa sababu alipoanguka alikuwa na hasira, na hasira ilimkamilishia hadithi, na hapakuwa na mtu wa kumsaidia kuipanga upya. Siku hiyo nje ya mahakama nilimsogelea nikitaka kumwambia hayo yote, na nilichoweza kusema ni "Aksanti, papa." Akajibu kwa kichwa tu. Mke wake ndiye aliyenishika mkono.

Hukumu ilisomwa siku nyingine, kwa Kifaransa, haraka, kwa sauti ya karani anayetaka kwenda kula. Kaka yangu Kifaransa chake ni cha vipimo vya mbao, na alisimama akinitazama mimi badala ya karani. Nikamtafsiria kwa midomo, bila sauti, kutoka benchi la pili: kwamba hukumu ya kwanza imefutwa, kwamba mahakama imeona hakumsukuma mtu, kwamba aachiliwe kama hakuna jambo lingine linalomshika. Akaniashiria nirudie. Nikarudia. Akaniashiria tena. Nikarudia mpaka hakimu mmoja akatabasamu na kutazama pembeni.

Ilibidi arudi kwanza gerezani kwa ajili ya karatasi za kutoka, lakini polisi aliyekuwa naye alikuwa mtu mwenye roho. Alituacha tusimame uani, karibu na ukuta, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Nikampigia mama. Simu iliita muda mrefu, maana alikuwa shambani, kisha nikasikia pumzi zake.

"Mama, banamuachilia. Leo."

Nilisikia upepo kwenye migomba, na mtu anaita mtu mbali.

"Banamusamehe?" akauliza.

"Hapana, mama. Hapakuwa kitu ya kumusamehe. Hakumusukuma. Alitaka kumukamata asianguke. Fundi mwenyewe alisema."

Kaka yangu alikuwa ananiangalia, anataka kujua mama anasema nini.

"Mimi nilikuwa nimeshamusamehe," mama akasema, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Umupe simu, mwana wangu. Sasa ni mimi njo nitamuomba anisamehe."

Nikampa kaka yangu simu, nikasogea pembeni.